Kupe wa Malindi

Shangazi Jenoveva alifika Malindi, ile ya milimani juu ya Lushoto, Jumatatu saa nne asubuhi, mwavuli mkononi, viatu vimejaa udongo mwekundu, akakataa kiti. Hapo ndipo Tobia Shekiondo alipojua kwamba kuna neno. Mtu aliyetoka Gare kwa lori la mboga, akamalizia kwa miguu kwenye utelezi wa mwezi wa saba, halafu akakataa kiti, huyo hakuleta heri.

"Kaa basi upate chai, dada," alisema Yudith, mke wa Tobia, akifuta kigoda kwa upindo wa khanga.

"Chai nitainywa wima."

Akapewa kikombe. Akanywa nusu, akakishusha. Jenoveva ndiye aliyekuwa mshenga wa mpwa wake Anselmo, kijana wa kiwanda cha mbao aliyemposa Efrazia, binti mkubwa wa nyumba hii. Posa ilikuwa imekubaliwa tangu Pasaka. Siku hiyo mshenga alitazamiwa kuja kutaja siku ya mahari, na Efrazia alikuwa amejificha jikoni nyuma ya pazia la gunia, masikio yamesimama kama ya sungura.

"Wazee wa Gare wamenituma," alisema Jenoveva. "Wanasema ile siku ya mahari isubiri kwanza."

"Isubiri nini?" Tobia akauliza.

"Isubiri."

"Dada Jenoveva, sisi ni watu wazima. Kijana amebadili nia?"

"Anselmo? Anselmo akisikia jina la Efrazia anaacha kula. Si yeye. Ni baba yake." Akashusha pumzi. "Kaka yangu Paskali alikwenda Lushoto mjini siku ya Saba Saba. Kukawa na sinema ya bure. Akakuona."

"Aliniona wapi? Mimi Saba Saba sikwenda."

"Kwenye shuka jeupe, mgosi! Umelala chini ya mti, kofia usoni, kibuyu cha pombe ya dengelua ubavuni, unakoroma mpaka majani yanatikisika. Mwenyekiti anakuja kukuita shambani, unamwambia mgongo unauma. Akiondoka tu, unainuka unacheza ngoma peke yako. Na Paskali alikuwa amekwisha kuwaambia watu wote pale uwanjani, 'Yule pale mwenye koti ndiye atakayekuwa mkwe wetu!' Alitamani ardhi ipasuke aingie."

Tobia alicheka, maana alidhani kwamba jambo limekwisha. "Sasa si ilikuwa sinema? Nilikuwa naigiza!"

"Nilimwambia hivyo. Akaniuliza, 'Jenoveva, mtu anaweza kuigiza kukoroma?' Mimi nikapanda lori." Akachukua mwavuli wake. "Anasema mtoto wa nyoka ni nyoka. Baba akiwa kupe, binti atamletea kupe wadogo. Asanteni kwa chai."

Akaondoka, utelezi ukampokea. Nyuma ya pazia la gunia sufuria ikaanguka.

*

Koti ndilo lililoleta yote. Tobia alilinunua zamani kwa Mgiriki mmoja aliyekuwa anafunga virago, koti refu la kijivu lenye vifungo vya pembe, na hakuna mtu mwingine Malindi nzima aliyekuwa na koti kama lile. Watu wa sinema walipokuja kutoka Dar es Salaam kiangazi cha Februari, na kamera yao ya miguu mitatu, kiongozi wao aliyevaa miwani ya jua hata kwenye ukungu aliwapanga wanaume wote wa kijiji mstari mmoja. Alipita akiwatazama kama mtu anayechagua mbuzi. Alipofika kwa Tobia akasimama.

"Wewe ndugu," akasema, "una sura ya unyonyaji."

Watu walicheka, na Tobia alicheka nao, akaona ni sifa. Kazi yenyewe ilikuwa ya siku nne. Sinema ilihusu mtu aliyeitwa Mzee Kupe, asiyetaka kulima shamba la ujamaa, anayeishi kwa jasho la wenzake mpaka kijiji kinapomwekea kikao na kumpa jembe. Tobia alilala alipoambiwa alale, akacheza alipoambiwa acheze. Waigizaji wengine walikuwa majirani. Yudith naye alipigwa picha, siku ambayo Tobia alikuwa ameshuka Lushoto kuuza kabichi, na jioni yake hakuna aliyemwuliza mwenzake lolote juu ya hilo.

Halafu mvua za masika zikaikata barabara. Gari la sinema likazunguka Soni, Bumbuli, Korogwe, hata Muheza chini huko, lakini Malindi halikuweza kupanda. Ikawa nchi nzima imemwona Tobia akikoroma isipokuwa Tobia mwenyewe.

Alianza kuyaona matunda yake sokoni Lushoto. Mwanamke mmoja aliyekuwa akiuza viazi vitamu alimtazama, akafunika fungu lake kwa khanga. "Kalime vyako!" Kinyozi alimnyoa nusu kichwa, kisha akaita wenzake wa mtaa mzima waje waone. Padri alimsalimu vizuri tu, lakini aliongeza kwamba sala ya asubuhi husaidia sana watu wazito wa kuamka. Yote hayo Tobia aliyachukulia kuwa mzaha. Aliyarudia nyumbani kwa mbwembwe, akiigiza sauti ya kila mtu, na watoto wakashika mbavu.

Sasa mzaha umeingia ndani, umekaa mezani.

"Baba," alisema Efrazia usiku ule ule, macho mekundu lakini kichwa juu. Yeye alikuwa mwalimu wa kisomo cha watu wazima na hakuzoea kusema kwa mafumbo. "Anselmo ni wangu. Kama huendi Gare kusafisha jina, nitakwenda mwenyewe."

"Binti haendi ukweni kabla ya mahari!"

"Na baba wa binti?"

"Baba wa binti vilevile haendi."

"Basi tumekwisha," akasema Efrazia.

Tobia akamgeukia mkewe, aliyekuwa akichambua maharage kwenye ungo. "Mama Efrazia, wewe unanijua. Mimi ni mvivu?"

"Si mvivu," alisema Yudith bila kuinua kichwa. "Unalima vizuri."

"Umesikia, Efrazia? Mama yako amesema!"

Yudith akatupa jiwe dogo nje ya mlango, akaendelea na maharage yake. Alikuwa kama mtu mwenye neno jingine, ila hakuna aliyemwomba.

*

Kesho yake Tobia alikwenda kwa mwenyekiti wa kijiji, Mzee Selemani Shemdoe, akamkuta anapanga jembe moja moja ukutani mwa ofisi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, Kupe. Samahani. Marahaba, Tobia."

"Ndicho kilichonileta, mzee. Nataka barua."

"Barua ya nini?"

"Ya kuonyesha kwamba mimi si kupe."

Mzee Selemani alikuwa mtu anayependa kuandika barua, na mwaka mzima alikuwa ameandika za mbolea tu. Alivuta kiti, akalowesha ncha ya kalamu ulimini, akafikiri muda mrefu. Saa nzima baadaye akaisoma kwa sauti:

"Kwa yeyote anayehusika. Yah: Ndugu Tobia Shekiondo Kutokuwa Kupe. Mtajwa hapo juu ni mwanakijiji wangu. Katika siku mia na kumi za kazi ya shamba la ujamaa amehudhuria siku mia na nne, na zile sita alikuwa na homa, tulimwona. Ukupe uliotazamwa katika sinema ulikuwa wa kuazimwa, kwa manufaa ya Taifa, na aliurudisha kazi ilipokwisha. Wako katika ujenzi wa Taifa."

Akagonga muhuri mara mbili, mmoja juu na mmoja chini. "Ukipata mtu wa kubisha hiyo, mlete kwangu."

Habari nyingine ililetwa na dereva wa lori la kabichi: gari la sinema litakuwa Gare Jumapili. Kwa kuwa jioni linatakiwa Bumbuli, picha itaonyeshwa mchana, baada ya misa, ndani ya darasa la shule.

"Nimepata," Tobia alimwambia mkewe. "Siendi ukweni. Nakwenda sinema! Nikikutana na mtu huko, ni bahati mbaya. Wataangalia picha, halafu nitasimama mbele yao, nitasoma barua, wataniona nilivyo. Na wewe twende, uwe shahidi."

"Shahidi wa nini?"

"Wa barua."

Waliondoka Jumamosi. Lori liliwashusha Lushoto, wakalala kwa dada yake Yudith, na alfajiri wakaanza kupanda. Tobia alitangulia na koti lake na fimbo, barua kifuani, akifanya mazoezi ya hotuba kwa miti ya miwati. Yudith alifuata na jogoo kwapani na kikapu cha maharage kichwani. Kwenye kona za mlima Tobia alisimama kumngoja, akimwambia, "Jikaze kidogo, mama, tutakosa mwanzo."

*

Gare walimjua hata kabla hajafika shuleni. Watoto waliotoka misa walisimama, wakatazamana, kisha wakapasuka: "Kupe! Kupe kaja mwenyewe!" Bibi mmoja mwenye mkongojo alimshika mkono wa koti, akamwomba amkoromee kidogo tu, maana siku ile Lushoto alikaa nyuma hakusikia vizuri. Tobia alikataa kwa heshima. Bibi akamwambia dunia imekuwa na watu wachoyo.

Mzee Paskali alikuwa mlangoni mwa darasa, mwembamba, mrefu, tai shingoni. Alipomwona Tobia alikohoa mara mbili.

"Mzee mwenzangu, habari za Malindi?"

"Nzuri. Nimekuja kutazama sinema."

"Hata sisi." Akaonyesha benchi la mwisho kabisa, lile la karibu na ndoo ya maji. Yudith alipelekwa upande wa wanawake, akakaa karibu na Jenoveva. Kijana Anselmo, aliyekuwa akining'iniza mablanketi madirishani kuzuia mwanga, alimwona baba wa Efrazia akakosa msumari, akajigonga kidole.

Jenereta ikaanza kunguruma nje. Giza likaingia darasani saa sita ya mchana, na shuka likawaka.

Kwanza kabisa Tobia alijipenda. Yule mtu mwenye koti alikuwa mkubwa, mrefu kuliko mlango, na alitembea kama mtu mwenye ng'ombe. "Huyo!" watu walipiga kelele. Alipolala, darasa zima lilikoroma pamoja naye. Alipocheza ngoma peke yake wanaume walipiga miguu chini. Sauti nzito kama ya redio ikasema, "Wakati wenzake wanajenga Taifa, Mzee Kupe anajenga usingizi." Tobia akacheka mpaka machozi. Akawaza: kweli Paskali ana haki, hata mimi nisingemposea mwanangu kwa mtu huyu.

Kisha picha ikabadilika. Ukungu, mlima, njia nyembamba inayotoka msituni. Mwanamke anapanda kwa mbali na mzigo wa kuni kichwani, mrefu kuliko yeye. Hakuna aliyecheka, wala hakuna aliyesema, kwa sababu mwanamke mwenye kuni si kitu cha kusema. Tobia akamtazama akingoja Kupe arudi. Maskini mama huyu, aliwaza, sijui wamemtoa wapi. Yule mwanamke akafika penye jiwe, akasimama, akashika kiuno kwa mkono wa kushoto, akakikandamiza kwa kidole gumba hivi, uso ukakunjamana. Akavuta pumzi, akaachia kiuno, akaendelea kupanda.

Alipokaribia kamera Tobia aliona ni Yudith.

Hakujua kwamba Yudith anaumwa kiuno. Walikuwa wamekaa pamoja miaka ishirini na miwili, na kila jioni mwanamke yule aliingia mlangoni akiwa amekwisha tua mzigo nyuma ya nyumba, amenawa uso, anauliza chai iwe na tangawizi au isiwe nayo. Sasa alimwona akiwa mkubwa kama ukuta, na hapakuwa na mahali pengine pa kutazama.

Ile picha haikuzidi dakika moja. Kupe akarudi, kikao kikafanyika, jembe likatolewa, watu wakaimba, shuka likazima. Mablanketi yakafunguliwa na watu wakafumba macho kwa mwanga.

*

Mtu wa sinema, kijana mwenye kalamu mbili mfukoni, alisimama mbele na karatasi ya wizara. "Sasa ndugu wananchi, tunajadili. Swali la kwanza: kupe ni nani katika jamii yetu?"

"Bepari!" akajibu mwalimu mmoja.

"Vizuri." Akaandika. "Mwingine?"

"Mimi nina neno," alisema Tobia kutoka benchi la mwisho, na darasa zima likageuka kwa furaha. Alipita katikati ya mabenchi, akatoa barua, akaikunjua. "Kwa yeyote anayehusika," akasoma. "Yah: Ndugu Tobia Shekiondo Kutokuwa Kupe." Akafika kwenye siku mia na nne, na vicheko vikamlazimu angoje. Alipofika kwenye ukupe wa kuazimwa, hata Mzee Paskali aliuma midomo. Hapo Tobia aliacha kusoma. Aliitazama barua kama vile imeandikwa lugha ya ugenini, akaikunja.

"Mwenyekiti wangu hakusema uongo," alisema. "Shambani nakwenda. Usingizi ule niliigiza, na ngoma niliigiza, na kama kuna anayetaka nikorome nitamkoromea hapa hapa. Lakini yule mama mwenye kuni mmemwona?"

Watu wakageukia shuka tupu.

"Hamkumwona. Hata mimi sikumjua, na ni mke wangu. Yule hakuigiza. Hakuna mtu aliyemfundisha kushika kiuno vile. Nimekuja hapa nitafute shahidi kwamba mimi si kupe, na shahidi mwenyewe ndiye huyo, kwenye shuka." Akairudisha barua kifuani. "Basi sijui niseme nini. Mzee Paskali, fanya unavyoona."

Upande wa wanaume watu walikuwa wanatazama viatu. Upande wa wanawake yule bibi mwenye mkongojo aliinuka taratibu.

"Andika, mwanangu," alimwambia mtu wa sinema. "Kupe ni mtu anayekunywa chai asijue maji yametoka kisima gani."

Wanawake walipiga vigelegele mpaka jenereta ikawa haisikiki. Mtu wa sinema aliigeuza karatasi yake mbele na nyuma. "Bibi, hapa kuna nafasi ya bepari, kabaila na mlanguzi tu."

"Andika pembeni!"

Akaandika pembeni. Ndipo Jenoveva alipoinuka, mwavuli mkononi kama bunduki. "Kaka yangu Paskali, ulisema mtoto wa nyoka ni nyoka. Haya, Efrazia ni mtoto wa nani? Ni mtoto wa huyu hapa!" Akamnyanyua Yudith kwa mkono, Yudith akaficha uso kwa khanga, mabega yakitikisika kwa kicheko. "Mimi namtaka binti wa mwanamke huyu hata kama baba yake angekuwa gogo. Na wewe, tai yako hiyo, kuni zilizopasha pasi iliyoipiga kaleta nani asubuhi hii?"

"Jenoveva," alisema Mzee Paskali, "tuko mbele za watu."

"Kaleta nani?"

Mzee Paskali alilegeza tai. Alikuwa mtu mgumu lakini hakuwa mtu mwongo. "Mama Anselmo," alisema, na darasa likaporomoka kwa vicheko, na mwisho yeye mwenyewe akacheka, kicheko kirefu chembamba kilichomtoa kikohozi. Alimwendea Tobia, akampa mkono mbele ya wote. "Mzee mwenzangu, mtu anayeweza kuja kwa miguu yake mwenyewe kusema hivyo, kwenye kijiji cha watu, simwogopi. Tutaleta mahari baada ya kuvuna viazi. Lakini nitakuomba kitu kimoja."

"Sema, mzee."

"Kweli ulikuwa unaigiza ule mkoromo?"

Tobia akajilaza palepale kwenye benchi la kwanza, akafunika uso kwa kofia, akawaonyesha. Bibi mwenye mkongojo alisogea mbele kabisa safari hii, akasikia vizuri.

*

Siku ya mahari Anselmo alipanda Malindi na wazee wake, na juu ya vitu vingine vyote Jenoveva alikuwa ameongeza sharti: mzigo mmoja wa kuni kwa mama wa binti, ubebwe na bwana harusi mwenyewe, kichwani, kuanzia barabarani. Kijiji kizima kilitoka kutazama. Efrazia alicheka mpaka akasahau kwamba anatakiwa kuwa amejifungia ndani.

Lakini hilo lilikuja baadaye. Jumanne ile, siku ya pili tangu warudi kutoka Gare, Yudith alipochukua panga na kamba, alimkuta Tobia amesimama mlangoni, bila koti.

"Unakwenda wapi?"

"Ninakokwenda wewe."

"Watu watakucheka."

"Si wanacheka tayari?"

Msituni wanawake wa Malindi waliacha kukata walipomwona, halafu mmoja wao, Dorkasi, akasema, "Shikamoo Mzee Kupe, karibu kazini," na shughuli ikaendelea. Tobia alikata vizuri, maana mkono wake ulikuwa na nguvu. Kufunga kulimshinda, Yudith akamfungia. Kubeba alidhani anajua. Hatua mia za kwanza alizungumza. Mia zilizofuata alinyamaza. Shingo ikamwingia mabegani, jasho likamwingia machoni, na kila kokoto la njiani lilijua jina lake. Yudith alitangulia, hakuharakisha, hakugeuka.

Walipofika penye lile jiwe, Tobia alisimama.

"Umechoka?" Yudith akauliza.

"Sijachoka. Natazama bonde."

Yudith akatua mzigo wake taratibu, akamsaidia na yeye kutua wa kwake. Chini yao ukungu ulikuwa unapanda kutoka mashamba ya viazi, na mabati ya shule yalianza kung'aa.

"Kiuno kilianza lini?" Tobia akauliza.

"Kwa Efrazia. Mimba ya miezi saba."

"Hukuniambia."

"Nilikuambia. Ulikuwa unapalilia kabichi."

Yudith akakaa juu ya jiwe, akanyoosha miguu, akasogea kidogo ili aache nafasi.

"Hapa ni mahali pangu," alisema. "Miaka ishirini na miwili nalitazama bonde hili, kila siku, peke yangu. Karibu ukae."

Tobia akakaa.